Vya Ndani Visishikane

Donholm, Nairobi
18 Mei 2025

Kwako Shangazi Kanyiva,

Hujambo huko Migwani, na Susu, nyanya yangu mpendwa, goti lake laendeleaje? Mwambie lile shuka alilonitumia ndilo limenifunika sasa hivi, kwa maana baridi ya Nairobi mwaka huu haina adabu. Baba yuko sawa, bado ni karani pale depo ya saruji Embakasi. Barua hii ataibeba Mwanzia, dereva wao, akija na mzigo upande wa Mwingi. Mama anapika sambusa za kuuza jioni na mimi ndiye fundi wa kusukuma manda. Mdogo wangu Sydney ameng'oka meno mawili ya mbele lakini mdomo bado unafanya kazi vizuri sana.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Usikasirike, Shangazi. Wewe ukipigiwa simu unaweka spika, na duka zima linajibu. Siku ya matokeo yangu kuna mzee nisiyemjua aliniuliza kwa nini hesabu zimeshuka. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mbele ya mtu anayenunua sukari. Hata mbele ya wasichana wa darasa langu siwezi.

Nina uvimbe.

Nimeuacha huo mstari peke yake ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Uko kwenye ovari ya kulia, pale mayai ya mwanamke yanapokaa. Nimeumwa tangu mwaka jana nikimdanganya Mama kwamba ni maumivu ya mwezi, kwa sababu niliona haya kusema ni kila siku. Daktari anaitwa Amolo, mama mrefu anayeongea polepole. Amesema si saratani, lakini ukiachwa unaweza kujisokota pamoja na ovari, na ovari ife. Anataka kuutoa likizo ya Agosti.

Mama amekubali, Baba amekubali, mimi nimekataa. Mama anadhani naogopa kisu. Naogopa kisu, ndiyo, lakini sababu yenyewe ni wewe.

Susu alipokuja Krismasi nilimsikia jikoni akimwambia Mama, "Nilikosea kumpa huyu mtoto jina la Kanyiva. Jina linatembea na mambo yake." Mama akamwambia, "Mama, tafadhali." Susu akaendelea kwamba ulipasuliwa ukiwa msichana, na tangu hapo hukushika mimba. Mimi nikaangusha kifuniko cha sufuria, wakanyamaza wote wawili kama redio iliyozimwa.

Hilo tu ndilo ninalolijua. Kila mtu hapa anajua zaidi yangu na hakuna anayesema. Shangazi, walikufanya nini? Ndani kulitokea nini? Niambie, ndipo nitamjibu daktari.

Ni mimi wajina wako,
Whitney Kanyiva


Migwani
7 Juni 2025

Wajina wangu,

Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji, nikaipangusa kabla ya kuisoma. Mwanzia alikunywa chai hapa akakusifu kwamba una heshima, nikamwambia ni jina. Susu anatembea na fimbo lakini fimbo yenyewe anaitumia zaidi kufukuza kuku wa jirani. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Pojo zimekubali mwaka huu, nimewatumia kidogo. Hatulali njaa.

Kuhusu spika: simu yangu imekufa sikio tangu ilipoanguka kwenye debe la maji. Bila spika sisikii kitu. Hata hivyo umefanya vizuri kuandika, na yule mzee wa hesabu nimemwambia ajishughulishe na sukari yake.

Ugonjwa si aibu, mwanangu. Nimeumia kusikia umeuficha mwaka mzima. Mwambie mama yako kila kitu, usimpe nusu. Na umwambie daktari ndiyo. Uvimbe ni wa kutoa.

Hayo mengine uliyouliza ni ya zamani, yaache huko yaliko.

Lakini sikiza neno langu moja. Wakishakushona, usiinuke. Lala chali, funga tumbo na leso, kaza, na usiinuke hata wakikuambia inuka. Wao wana haraka ya kitanda, wewe una maisha yako. Wakikuletea karai la haja, tumia karai. Usione haya. Haya ndiyo huua watu. Niahidi hilo kwa maandishi ndipo nipate usingizi.

Shangazi yako,
Kanyiva


Donholm
29 Juni 2025

Shangazi yangu,

Salamu kutoka nyumba yenye harufu ya vitunguu. Mama anashukuru kwa pojo. Baba amepata koti jipya la kazi na halivui hata mezani. Hongera kwa mbuzi; Sydney anauliza kama mmoja anaweza kuitwa Sydney.

Naahidi: nikishashonwa sitainuka. Hayo ni maandishi yangu. Na daktari nimemwambia ndiyo. Lakini kabla ya kusema ndiyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilimwomba Mama atoke nje.

Nilibaki na Daktari Amolo nikitazama viatu vyake. Nikauliza, "Kwa nini mtu akipasuliwa hukosa kupata mtoto?" Sauti yangu ilikuwa ndogo hata akasogeza kiti. Hakucheka. Akaniuliza ninajua kupika nini. Nikasema manda za sambusa.

Akasema, "Basi wewe unajua tayari. Ukizipanga manda bila mafuta na unga katikati, kunatokea nini?"

"Zinashikana."

"Na ukilazimisha kuzibandua?"

"Zinachanika."

Shangazi, sikujua tumbo letu liko vipi. Nilidhani vitu vimejazana tu humo kama nguo kwenye gunia. Kumbe kila kimoja kimevikwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, nao una maji maji, kwa hiyo matumbo yanateleza juu ya kizazi, kizazi kinateleza juu ya kibofu, siku nzima, hata sasa ninapoandika na wewe unaposoma. Hakuna kinachokwaruza kingine. Utando huo ukiumia, kwa kisu au kwa damu au kwa kukauka tu chini ya taa, unatoa kitu kama gundi ili ujitibu. Mwili unataka kushona. Lakini hauoni ni kipi ushone na kipi. Vidonda viwili vikilala karibu unaviunganisha, na ile gundi inakuwa uzi, uzi unakuwa kamba. Wataalamu huita adhesheni. Daktari alisema mimi niite tu vya ndani kushikana.

Halafu akaniambia jambo ambalo limenikosesha hata hamu ya chakula kwa kulifikiria. Ule mrija unaopokea yai una vidole mwishoni, vidogo, laini, navyo vinapapasa juu ya ovari vikitafuta yai la mwezi huo. Vinatafuta, Shangazi! Hakuna aliyeviambia. Nimeishi na vidole hivyo miaka kumi na sita nikihangaika na chunusi. Sasa mrija ukishikwa na zile kamba hauwezi kufika, na yai linapita likipotea.

Nikamwuliza atafanya nini yangu yasishikane. Akasema ataingia kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote. Atagusa kidogo na polepole. Atalowesha kwa maji ya chumvi yenye joto, kwa sababu kukauka ni adui. Atazuia kila tone la damu. Hata glavu zake hazina poda, kwa sababu poda ikibaki ndani inachokoza. Mwishoni ataweka kitambaa chembamba kama wavu juu ya ovari, kikae katikati kama unga wa manda mpaka utando upone, kisha kiyeyuke chenyewe. Nikasema, "Kwa hiyo hayatashikana." Akasema, "Sikuahidi hivyo, Whitney. Ninapunguza. Mwili ndio wenye neno la mwisho." Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Kuhusu kulala chali sikumwuliza. Nilikuwa nimemaliza ujasiri wote.

Shangazi, nauliza kwa adabu. Wewe vyako vilishikana?

Wako,
Whitney Kanyiva


Migwani
20 Julai 2025

Wajina,

Sote wazima. Yule mbuzi mdogo sasa anaitwa Sydney na ana kichwa kigumu, jina limekubali. Susu anakusalimia. Nimekutumia leso, iko kwa Mwanzia ndani ya mfuko wa asali, chunga isilowe. Ni ile ya kufunga tumbo.

Umeniuliza mara mbili. Nimeona.

Ahadi yako nimeiweka. Usiinuke.

Hivyo vidole ulivyosema, vinaendelea kutafuta hata kama mtu ameshazeeka kidogo? Nimeuliza tu.

Shangazi


Donholm
17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi,

Nimetoka hospitali na niko hai. Nimewekewa mito kama bibi harusi, Baba ananiletea uji mwenyewe, wa moto kupita kiasi. Sydney anataka kuona matundu, anasema, "Niaje, si unionyeshe moja tu?" Mama amemfukuza na mwiko. Leso ilifika, ilikuwa na asali upande mmoja, sisimizi wakaipenda.

Nina jambo la kuungama, kwa hiyo keti.

Asubuhi baada ya siku ya kupasuliwa alikuja nesi wa kiume anaitwa Phares. Fikiria nilivyoona haya. Akasema, "Whitney, mrembo wa Donholm, amka tutembee."

Nikasema, "Siwezi. Nimeahidi mtu."

"Umemwahidi nani? Chifu?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi ni daktari?"

"Ana duka."

"Sawa. Mwambie hili ni duka langu, na hapa tunauza kutembea."

Mama akasema kutoka kitini, "Whitney, usiniaibishe mbele ya watu." Nikavuta shuka mpaka puani. Phares hakunivuta. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaigusa ile leso, akasema nimeikaza mpaka ninapumua nusu pumzi. Akaniambia damu ikilala miguuni inaweza kuganda na kusafiri hadi kifuani, na matumbo yakilala hayataki kuamka, na kwamba hayo ndiyo yanayoua watu vitandani. Akailegeza leso, taratibu, akitazama dirishani ili nisione haya. Nikainuka, Shangazi. Nilivunja ahadi yangu kwa miguu yangu miwili. Nilitembea hadi mlangoni nikilia, na yeye akidhani ni maumivu. Nilikuwa nikisema moyoni, nimejiharibu, nimejiharibu kwa sababu ya kuwa mwoga mbele ya nesi.

Daktari Amolo alinikuta bado nalia. Safari hii sikumtoa Mama nje. Nilimwambia yote mbele yake: ahadi, leso, kulala chali. Nikauliza kama sasa vya ndani vitashikana kwa kuwa nimetembea.

Akanijibu, nami nayaandika kama alivyosema: "Kama kulala kungezuia, wagonjwa wangu wote ningewafunga kwa kamba. Kulala hakuzuii, na kuinuka hakuleti. Mambo haya huamuliwa kule ndani, kwa damu iliyobaki, kwa vidudu, kwa mkono uliofanya kazi, na kwa mwili wenyewe. Kuna watu tunawafanyia kila kitu vizuri na bado wanashikana. Mgonjwa hawezi kujishikanisha kwa kuinuka. Mwambie hivyo huyo aliyekutuma."

Nikasema hakunituma mtu. Akasema, "Mwambie tu."

Kisha akatuonyesha picha. Kumbe ile kamera ndogo ilipiga. Mama alifumba macho, mimi nilishindwa kufumba. Shangazi, nilitarajia giza na damu. Ndani yangu kunang'aa. Kuna rangi ya waridi kama mdomo wa ndani wa kombe la baharini, na mishipa myembamba kama ramani ya mito tuliyosoma kidato cha pili, na kila kitu kimelowa, kinametameta, kana kwamba kuna mtu anayepiga deki kila asubuhi. Nikaviona vile vidole. Vya upande wa kushoto vilikuwa vimefunguka kama ua. Nilisahau kwamba ni mimi. Nilitaka kuomba ruhusa.

Na uvimbe, usicheke, ulikuwa na nywele. Nywele za kweli, nyeusi! Daktari anasema ni chembe iliyokuwa na uwezo wa kuwa kitu chochote, ikaamua kuwa nywele. Aliutoa ndani ya mfuko ili usimwagikie mle, kwa maana mafuta yake yanachokoza sana, akaosha na maji mengi mpaka yakarudi meupe. Picha ya mwisho ni ovari yangu imefunikwa ule wavu mwembamba. Imelala chini yake kama mtoto aliyefunikwa neti.

Sijui kama itashikana. Daktari hajui. Lakini tangu nione, siwezi kulichukia tumbo langu tena, hata likiamua vibaya.

Nisamehe kwa ahadi.

Whitney Kanyiva


Donholm
21 Septemba 2025

Shangazi,

Natumaini mko salama. Sisi tuko salama. Shule imefunguliwa na nimeruhusiwa kukosa michezo. Kidonda cha kitovu kimekauka.

Mwanzia anasema alikukabidhi barua mkononi, kwamba uliisoma ukiwa umesimama, kisha ukafunga duka mchana wakiwepo wateja. Tangu hapo amepita mara mbili akakuta kufuli.

Baba akipiga simu anajibu Susu, anasema umesafiri, na hasemi wapi.

Kama umekasirika, niambie umekasirika. Ninaweza kuvumilia hilo. Kunyamaza ndiko siwezi, nimenyamaza vya kutosha mimi mwenyewe.

Wajina


Migwani
12 Oktoba 2025

Kanyiva, binti wa kaka yangu,

Tumepata mvua ya kwanza. Duka liko wazi. Susu mzima. Mwambie kaka yangu sijafa.

Sijakasirika. Sasa nitakujibu, na ukimaliza kusoma unaweza kumsomea mama yako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uvimbe wangu haukuonekana kwenye picha, ulipasuka wenyewe nikiwa shambani, nikapelekwa nikiwa sijitambui. Nikaamka nimeshonwa kutoka hapa hadi hapa. Wanawake wa wodini wakaniambia nilale chali, nifunge leso, nisiinuke, la sivyo vya ndani vitapoteza mahali pake. Nikatii. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nikabanwa. Karai lilikuwapo. Lakini kulikuwa na mwanamume anapiga deki katikati ya vitanda, na mimi nilikuwa kama wewe, hata jina langu nililisema kwa kunong'ona. Nikashindwa kutumia karai mbele yake. Nikainuka, nikashika ukuta, nikaenda choo.

Mama wa kitanda cha pili akaniona nikirudi. Akasema kwa sauti, "Huyu amejiharibu." Jioni nikashikwa na homa. Nikalala na homa wiki nzima.

Miaka ikapita na mtoto hakuja. Tulipoenda kuuliza, daktari mmoja akasema mirija imeshikana, akaandika, akatufukuza. Mama yangu akasema, "Uliinuka." Mama mkwe akasema, "Kumbe uliinuka." Wathome mume wangu alikunja nguo zake vizuri akaondoka. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, Wajina. Walijua tu kwamba niliinuka, na mimi nilijua kuliko wote. Nimeinama dukani kuchota unga na maumivu ya upande huu kwa miaka hii yote nikisema ni haki yangu.

Ndiyo maana nilikutumia leso. Nilitaka wewe ulale kwa niaba yangu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikafunga duka. Nilikwenda Kitui, nikalala kwa rafiki yangu Ndete, nikapanga foleni hospitali wiki tatu hadi nikamwona daktari wa wanawake. Kijana mdogo, angekuwa mwanangu. Nikamweleza. Akanipima, akauliza sana juu ya ile homa na ule uvimbe kupasuka. Akasema hapo ndipo penye mambo, usaha na damu vilivyomwagika, na kwamba yalikuwa yameanza kabla sijaguswa na kisu.

Nikasema, "Lakini niliinuka, daktari."

Akasema, "Ukaenda wapi?"

"Choo."

Akanitazama kama mtu anayengoja sehemu iliyobaki. Nilipoona haoni kosa lolote katika hilo, nilianza kucheka, Wajina. Nilicheka mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. Choo! Miaka yote hiyo.

Amesema maumivu yanaweza kutazamwa. Kuna kamba wanazoweza kuzikata, ingawa kukata nako huweza kuleta nyingine, hakunificha. Nitafikiri. Mambo ya mtoto sikuuliza. Niliuliza tu kama vile vidole bado viko. Akasema viko.

Nimerudi nikamkuta Susu anachambua mboga mlangoni. Nikamwambia yote, polepole, kwa spika ya mdomo wangu mwenyewe, majirani wakisikia. Alichambua mpaka mboga zikaisha. Kisha akasema, "Mimi nilisema uliinuka."

Nikamwambia, "Niliinuka, Mama. Na leo ningeinuka tena."

Aliingia ndani akatoka na kiti, akakiweka karibu na chake.

Wewe umetembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Endelea. Siku moja utapata mtoto au hutapata, hilo halina aliyeahidiwa. Lakini asije mtu yeyote, wa kanisa wala wa nyumba hii, akakuambia ni kwa sababu uliinuka.

Kanyiva mwenzako